Ukurasa Mweupe wa Kokuhirwa

Mwalimu Kahigi wa Ijuganyondo hakuwa mtu wa kompyuta. Alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na minne kwa chaki na sauti kubwa, na alipostaafu alirudi kwenye migomba na kahawa yake bila kuhitaji mashine yoyote yenye kioo. Simu yake yenyewe ilikuwa kitochi, ile ndogo ya vibonyezo ambayo ikianguka unaiokota na kuendelea na maongezi. Lakini kila siku, saa tisa alasiri, akishanawa udongo wa kibanjani, alikuwa akiketi mezani sebuleni, anafunua kompyuta ya marehemu mkewe, na kuzisoma kurasa kumi na moja alizoziacha wazi siku aliyofariki.

Alizisoma kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayekagua madaftari. Ya kwanza ilikuwa mashairi ya wimbo wa Pasaka ambao kwaya yao ya Kilutheri ilikuwa inajifunza. Ya pili, namna ya kufuma sweta la mwanaume mwenye mabega mapana. Ya tatu, dawa za presha na madhara yake. Ya nne, mkate wa kuoka kwenye sufuria. Ya tano, mnyauko wa migomba. Ya sita ilikuwa hali ya hewa ya Oulu, mji wa Finland anakoishi binti yao Annastella, na hiyo aliipenda kuliko zote kwa kuwa kila siku ilikuwa na jambo jipya. Alijua theluji ya Oulu kuliko mvua ya Nyanga, ng'ambo tu ya kilima. Zilizofuata zilikuwa miwani, tangazo la msiba wa mtu aliyesoma naye, bei za nyuzi, na maamkizi ya Kifini.

Ya kumi na moja ilikuwa nyeupe. Haikuwa na neno wala picha, ila kaduara kadogo ka kijivu kalikozunguka katikati, kanazunguka tu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbele ya macho ya mkewe Kokuhirwa alipomkuta. Mwalimu aliiacha iwe ya mwisho kila siku. Alikaa nayo dakika mbili tatu, kisha anafunika kompyuta, anakwenda kujipikia ebitoke, yaani ndizi za kupika, vya mtu mmoja, ambavyo hata baada ya miaka miwili hakuwa amejua kuvikadiria. Sufuria ilikuwa inabaki na chakula kila jioni.

Kulikuwa na kero moja. Kila alipofungua, kiboksi kilijitokeza pembeni kikimwambia kwamba toleo jipya la kivinjari liko tayari, na chini yake vitufe viwili, Sasisha sasa na Baadaye. Kahigi alibonyeza Baadaye. Alibonyeza kwa sababu mkewe alikuwa anabonyeza hivyo hivyo. Kokuhirwa alikuwa katibu muhtasi maisha yake yote ya kazi, ameandika barua za mabosi saba, na alipostaafu aliapa kwamba hakuna atakayemwamuru tena, sembuse kiboksi. Kikijitokeza alikuwa anakisonya. "Ngoja zamu yako," alikuwa anakiambia, na kukifukuza. Akakifukuza miaka mitatu.

Tena, katika ukoo wa Kahigi, vitu vya mtu aliyekufa haviguswi mpaka watoto wake wote wakae pamoja na kuvigawa. Kokuhirwa alikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai, naye yuko Oulu, makaratasi yake ya ukaazi hayajakamilika, akitoka huenda asirudi kazini. Kwa hiyo magauni yalikuwa bado yananing'inia kabatini, viatu vya kanisani viko mlangoni, na miwani iko juu ya Biblia. Jirani na ndugu yake wa ukoo, mzee Karugendo, alikuwa amemkumbusha siku ya tatu ya msiba, mbele ya watu, kwamba kitu kisisogee hata kidogo kabla binti hajafika. Kahigi aliitikia, na yeye akiitikia jambo ameitikia. Kivinjari nacho akakihesabu humo, pamoja na magauni.

Jambo lililomtafuna lilikuwa jingine, na lilikuja kwa simu kila Jumamosi. Annastella alikuwa anapiga, wanasalimiana, anauliza kahawa, anauliza goti, kisha kabla ya kukata anauliza swali lile lile. "Taata, siku ile mama hakusema chochote kunihusu?" Na Kahigi, ambaye hajawahi kumdanganya mtoto, wa kwake wala wa mtu, alijibu kwamba hakusema.

Ilikuwa hivi. Miezi mitatu kabla ya msiba, Annastella aliandika kwamba ataolewa hukohuko na Mfini, kwa kutia sahihi ofisini, bila mtu wa kwao kuja kujitambulisha, bila shangazi, bila kitu. Kokuhirwa alimpigia na kumuuliza kama huko aliko amepata mama mwingine, akakata simu. Wiki nyingi hawakusemezana, wote wawili wakiwa na shingo ngumu ya aina moja. Ndipo Annastella akamtumia mama yake barua pepe yenye anwani ya chumba cha maongezi cha kwenye mtandao, wanakoweza kuonana sura, akamwambia Jumapili ya pili ya Machi, saa tisa alasiri ya Bukoba, nitakuwepo, nakungoja. Akangoja saa nzima. Mama hakuja. Jioni ile Kahigi alirudi kutoka kibanjani akamkuta Kokuhirwa kwenye kiti, miwani usoni, kichwa kimelala begani, kompyuta iko wazi. Presha ilikuwa imempiga. Walifika naye hospitali lakini hakuamka.

Annastella aliamini kwamba mama yake alikufa akiwa bado amemkasirikia. Kahigi naye, moyoni, aliamini hivyo hivyo. Alimfahamu mkewe. Alimpenda na alimfahamu, na hakuona namna ya kumtetea.

Mwezi Agosti simu ya Jumamosi ilikuja na habari. Mtoto wa Annastella, wa kike, angebatizwa Jumapili ya wiki ile iliyofuata, na jina lake ni Kokuhirwa. Kanisa la huko lilikuwa linarusha ibada zake mtandaoni, na Annastella alikuwa ameshatuma anwani kwenye barua pepe ya mama. "Usikose, Taata. Nataka mtu mmoja wa kwetu awepo, hata kama ni kwenye kioo." Kahigi alisema hatakosa, akaenda kukaa nje kwenye kibaraza, akalia kidogo, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia ndani ya nyumba kwamba jina limerudi.

Siku ileile, kwa kuwa mwalimu hujiandaa, aliijaribu anwani ile. Barua pepe ilifunguka kwa taabu, akabonyeza, na ukurasa ukaja na maneno machache: Kivinjari chako ni cha zamani mno. Sasisha ili uendelee. Akabonyeza tena. Akazima modemu akaiwasha. Akaifuta kompyuta vumbi, jambo ambalo halikusaidia lakini lilimpa la kufanya. Maneno yalikuwa yaleyale.

Usiku huo hakupata usingizi mzuri, na sababu ilikuwa dhahiri kwake. Alidhani, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo, kwamba kurasa zile kumi na moja zimo ndani ya kivinjari kama kurasa zilivyo ndani ya daftari. Ukileta daftari jipya, la zamani unalitupa. Kwa hiyo ilimbidi achague, amwone mjukuu akipata jina, au abaki na mahali pa mwisho ambapo macho ya mkewe yalitua. Jumatatu asubuhi alichukua daftari la kurasa mia na kuanza kunakili. Alinakili wimbo wa Pasaka beti zote. Alinakili mishono ya sweta bila kuelewa hata mshono mmoja. Alinakili madhara ya dawa na maamkizi ya Kifini, herufi kwa herufi, kwa mwandiko ule wa ubaoni ambao wilaya nzima ilijifunzia. Ilimchukua siku tatu na vidole vikavimba. Ukurasa mweupe aliutengea karatasi yake, akaandika juu namba kumi na moja, akachora kaduara katikati.

Alhamisi aliifunga kompyuta kwenye kitenge cha Kokuhirwa, kile cha kijani chenye majani ya mahindi, akapanda gari la asubuhi kwenda Muleba. Bukoba mjini kungekuwa karibu zaidi na mafundi wamejaa, lakini hakutaka kitu cha mkewe kiguswe na mgeni. Muleba alikuwepo Joyness, binti wa mdogo wake Kokuhirwa, mwenye steshenari karibu na stendi. Yeye ni damu yake. Karugendo mwenyewe asingeweza kusema kitu, ingawa Kahigi hakumuuliza.

Joyness alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akawaambia wateja wawili waliongoja kutolewa nakala kwamba warudi baadaye kidogo. Alipomsikiliza baba yake mkubwa mpaka mwisho, na kuliona lile daftari, aliuma mdomo wa chini. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na akajizuia yote mawili.

"Baba mkubwa, hii ya hali ya hewa ya Oulu, si inabadilika kila siku?"

"Inabadilika. Jana ilikuwa nyuzi kumi na tisa."

"Sasa kama ingekuwa imo humu ndani tangu mama mkubwa afariki, ingebadilikaje?"

Kahigi alilitazama daftari lake. Alikuwa amewauliza watoto maswali ya namna hiyo kwa miaka thelathini na minne, akajua alivyonaswa. Joyness akamweleza taratibu kwamba kurasa haziishi kwenye kivinjari. Ziko mbali, kwenye kompyuta za wenyewe, na kivinjari ni cha kwenda kuzileta na kuzisoma. Hapa ndani kuna anwani tu, na anwani yeye atazihifadhi zote kumi na moja kabla hajagusa kitu. Wenye kurasa hawatulii, wanazijenga upya kila mara kwa mitindo mipya, na kivinjari cha zamani kinafika pale hakielewi kilichoandikwa, kinarudi mikono mitupu. Hicho ndicho kanisa la Oulu lilichokikataa.

Tena kuna ubaya wa pili, akasema, na huo ni mkubwa. Kila kivinjari kinatoka na matundu ambayo waliokitengeneza hawakuyaona. Wakiyaona wanayaziba kwenye toleo linalofuata, na wanatangaza wameziba nini. Wezi nao wanasoma tangazo. Aliyebaki na toleo la zamani anakuwa amebaki na tundu ambalo sasa kila mwizi analijua lilipo. "Ni kama mnyauko, baba mkubwa. Wewe shambani kwako unachoma panga kabla hujakata mgomba mwingine. Humu umekata miaka mitano na panga lilelile, na barua za mama mkubwa zote zimo, na namba za benki."

Hilo la panga lilimwingia. Aling'oa mashina arobaini mwaka ule wa mnyauko, na jirani aliyekuwa akisema atachoma panga lake baadaye hakubakiwa na shina hata moja. Akavuta kiti karibu, akasema haya, fanya, lakini taratibu, nione.

Joyness alihifadhi anwani. Kisha akabonyeza Sasisha sasa. Kivinjari kilijifunga, na kioo kikabaki na picha ya nyuma tu, ile ya Annastella akiwa na sare ya shule. Mwalimu Kahigi alishika ukingo wa meza. Alijisikia kama mtu anayezika mara ya pili, na hakumwambia Joyness, ila alitamani sana Kokuhirwa awepo akisonye kiboksi. Dakika nne zilipita. Kivinjari kikafunguka, cheupe na kisafi, na juu yake kurasa zikaanza kurudi moja moja kwa mpangilio wake, wimbo, sweta, dawa, mkate, mnyauko, Oulu nyuzi kumi na saba. Alizihesabu kwa kidole hewani. Zote zilikuwepo.

Ya kumi na moja haikuwa nyeupe tena.

Joyness ndiye aliyeisoma kwanza, akasogea pembeni ili mzee aone. Juu palikuwa pameandikwa Chumba cha Annastella na Mama, na chini yake tarehe ya Jumapili ile ya Machi, saa tisa alasiri. Pembeni palikuwa na ujumbe aliouandika Annastella, mmoja chini ya mwingine.

Mama, nipo.

Naona bado. Nangoja.

Mama nisamehe. Ingia tu, hata usiponisemesha.

Wa mwisho ulikuwa wa saa kumi kasoro dakika tano. Sawa mama. Nimeelewa.

Kahigi alisoma, akarudia kusoma. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama ukurasa huu ungeweza kujifungua wenyewe bila mtu. Joyness akasema hapana, anwani hii mtu lazima aibonyeze. Kisha akakumbuka kitu. Kivinjari kinaweka kumbukumbu ya kila kilichofunguliwa na saa yake, na kwa bahati mama mkubwa hakuwahi kuifuta. Akarudi nyuma miaka miwili mpaka Machi. Siku ile ilikuwa imejaa mstari mmoja tu, anwani ileile, inarudiwa na kurudiwa.

Mwalimu alichukua daftari lake, akafungua karatasi ya kumi na moja yenye kaduara, akaanza kunakili saa, moja moja. Alipomaliza alikuwa na mistari kumi na minne. Sasa alimwona mkewe vizuri kuliko alivyomwona kwa miaka miwili. Amevaa miwani, amechana nywele labda, amekaa kabla ya saa tisa kwa kuwa hakuwahi kuchelewa kazini, anabonyeza, na mbele yake kunazunguka kaduara ka kijivu. Alimwonea huruma. Alimkasirikia pia, kwa kile kiburi cha Baadaye kilichomponza, na akajikasirikia mwenyewe aliyekiendeleza kama wosia.

"Mpigie," alimwambia Joyness. "Mwambie aingie kwenye chumba hiki. Usimwambie kwa nini."

Joyness akapiga kwa simu yake. Annastella alikuwa nyumbani na mtoto. Aliuliza mara mbili chumba gani, na alipoelewa akasema anaingia. Kahigi akaelekezwa pa kubonyeza, akabonyeza kwa kidole chake chenye sugu ya jembe, na kioo kikafunguka.

Sura ya binti yake ilitokea, imenenepa, mtoto begani. Hakuwa anamtazama baba. Alikuwa anasoma kitu chini ya kioo.

"Taata," alisema, "hapa pameandikwa Kokuhirwa ameingia."

"Ni mashine yake. Inatumia jina lake." Kahigi alisogeza miwani. Alikuwa amepanga maneno, yote yakampotea, akabaki na daftari. "Annastella mwanangu, umekuwa ukiniuliza. Nilikujibu vibaya kwa kutojua. Mama yako alikuja. Kivinjari kilikuwa cha zamani, hakikumfungulia. Nisikilize."

Akalishika daftari mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia majina ya watoto asubuhi, polepole, kila mmoja asikie lake.

"Saa nane na dakika hamsini na tano. Saa tisa kamili. Saa tisa na dakika mbili. Saa tisa na dakika tatu. Saa tisa na dakika saba."

Joyness alikwenda kusimama mlangoni, akageukia barabara. Annastella alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mtoto begani akaanza kulalamika.

"Saa tisa na dakika ishirini na sita," Kahigi aliendelea. Hakuruka hata moja. "Saa tisa na dakika thelathini na moja. Saa tisa na dakika arobaini. Hiyo ni ya kumi na nne. Baada ya hapo hakuna."

Kisha Annastella akamwomba asome tena kuanzia mwanzo, naye akasoma tena.

Walipotulia, waliongea kama saa nzima, wateja wakija na kurudishwa. Alimwona mjukuu, ana paji la uso la bibi yake, pana na lenye ubishi. Kabla ya kuagana Annastella alisema jambo ambalo Kahigi hakulitegemea. Alisema mwaka huu hatakuja, na mwakani hajui. "Gawa nguo za mama, Taata. Msiningoje. Mimi changu nimeshapata. Mwambie baba Karugendo nimesema mimi." Mzee alisema atafikisha.

Joyness akazima, akaanza kuifunga kompyuta kwenye kile kitenge cha kijani, akikunja pembe kwa uangalifu. Kahigi alimshika mkono. Akakifungua kitenge, akakikung'uta, akakikunja mara nne kama alivyokuwa anamwona mkewe akikunja Jumapili jioni, akampa. Joyness alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru kwa Kihaya, kasinge waitu.

Alirudi Ijuganyondo na gari la saa nane, kompyuta iko mapajani haijafunikwa. Jumapili alivaa suti, akaketi peke yake mezani sebuleni, na mchungaji wa Oulu alipotaja jina akaitikia amina kwa sauti, na nyumba haikumjibu. Jioni ile alipika ebitoke vitatu. Alivimaliza.